Toba Isiyo na Shahidi

Ndugu zetu, yatupasa kusema wazi. Wako miongoni mwetu ambao mshahara wao haufiki tarehe 10: nusu huenda kilabuni, nusu kwa wadai. Jumapili twatubu kimoyomoyo. Jumatatu jioni twarudi pale pale. Sababu ni moja: toba yetu haina shahidi wala gharama.

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, mtu wa hesabu kama sisi. Alipompokea Yesu nyumbani mwake alisimama, akaahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Hali kadhalika katika Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, hata Uganda, Kenya na Tanganyika, watu waliungama mbele ya ndugu, wakarudisha mali ya wizi, wakaacha pombe.

Basi mwenye kutaka kuacha, na amwendee ndugu mmoja leo, aitaje tabia yake kwa jina lake, alipe deni la kwanza, na mwisho wa mwezi amwonyeshe hesabu ya mshahara wake. Neema ya Mungu haijapungua. Sisi ndio tunaoificha chupa.