Ngazi za Kamba Merikebuni

Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya ngazi za kamba zilizomo katika merikebu za matanga za Ulaya. Watu wa pwani wajua kwamba jahazi halina ngazi za namna hii, maana foromali yake hushushwa pamoja na tanga, na kazi nyingi hufanywa chini. Merikebu kubwa sivyo. Foromali zake hubaki juu, na tanga likitakiwa kukunjwa, sharti mabaharia walifuate huko huko.

Mlingoti hushikiliwa kwa kamba nene zilizokazwa sana, zishukazo mpaka ubavuni mwa chombo, kuume na kushoto. Kati ya kamba hizo zimefungwa kamba nyembamba za kukingama, nazo ndizo vipandio. Mgeni hushika kipandio kwa mkono, kama afanyavyo kwao apandapo darini. Hilo ndilo analokatazwa kwanza. Miguu na ikanyage kamba nyembamba, bali mikono ishike zile nene zilizosimama. Kwa maana vipandio huchakaa kwa mvua na jua, na huweza kukatika ghafula, lakini kamba zichukuazo mlingoti hazikatiki upesi. Basi mguu ukikosa pa kukanyaga, mikono ingali imeshika.

Tena baharia hupanda upande wa joshi, wala si wa demani. Huko upepo humgandamiza kwenye kamba, na kwa kuwa chombo chalalia upande wa pili, ngazi haiwi ya wima sana.

Karibu na jukwaa la kwanza kamba hutokeza nje, hata mtu hupanda kama aliyelala chali, bahari i chini ya mgongo wake. Kando ya mlingoti liko tundu la kupitia kwa urahisi, ila mabaharia wa zamani waliwacheka waliopita humo. Sisi tungepita, nao wacheke watakavyo.

Cutty Sark, iliyoshushwa majini huko Dumbarton, Scotland, mwaka 1869, na kuchukua chai ya China, kisha sufu ya Australia, mlingoti wake mkubwa wapita mita 45. Mabaharia wake walipanda hata usiku wa dhoruba, matanga yakiwa yamelowa na kuwa mazito.

Merikebu za mafunzo zingaliko. Mwaka 2010, katika bandari ya Salvador nchini Brazil, mwanafunzi mmoja wa Gorch Fock, merikebu ya jeshi la majini la Ujerumani, alianguka kutoka juu akafa, na wenzake wakarudishwa kwao kabla mafunzo hayajaisha.