Kufuli si kinga, tufundisheni kuunganisha waya

Kila mtu hapa Eldoret amewahi kufanya hii kitu. Chaja ni ya pini mbili, soketi ina matundu matatu. Unachukua kalamu, unasukuma kwenye tundu la juu, chaja inaingia, simu inachaji, maisha yanaendelea. Lile tundu la juu ni la waya wa ardhi, yaani waya wa usalama. Sisi tumekua tukijua ni mahali pa kuweka kalamu.

Sasa beba hiyo akili uipeleke maabara.

Rafiki yangu alikuwa na projekti ya mashine ya kukausha mahindi. Ukiwa Uasin Gishu si lazima nikueleze kwa nini. Alitaka kunasa umeme unaoingia kwa hita, aone unavyopanda na kushuka, kwa hivyo akachukua osiloskopu ya chuo. Probu yake ina ncha ya kupimia na klipu ndogo nyeusi. Hakuna mtu alikuwa amemwambia kwamba klipu hiyo, ndani ya mashine, imeungana moja kwa moja na waya wa ardhi wa soketi. Yeye alidhani ni kama waya mweusi wa multimita, unaweka popote. Akaibana kwenye waya wa moto.

Pah! Cheche, stima ikapotea chumba kizima, klipu ikayeyuka, osiloskopu haikuwaka tena.

Akalipishwa. Kabati likapigwa kufuli. Sisi wengine tukamaliza kozi tukiona osiloskopu kwa picha.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Tulifundishwa kuandika kodi ya kusoma data na kuchora grafu. Ile sentimita kumi ya waya kati ya kitu unachopima na mashine inayonasa, hiyo tuliachiwa tujue wenyewe. Halafu tukiharibu, ati wanafunzi wa siku hizi hawako makini. Kwani umakini utanionyesha waya uliofichwa ndani ya mashine?

Na ukinyamaziwa darasani, utafundishwa na korido. Ushauri wa korido ni huu: kata ile pini ya ardhi ya osiloskopu, haitalipuka tena. Ni kweli, haitalipuka. Lakini ukibana tena klipu kwenye waya wa moto, chuma chote kinachogusana na klipu hiyo kina volti 240, na kileleni mwa kila wimbi zinafika karibu 340. Umeokoa mashine, umejiweka wewe mahali pake. Tafadhali, usikate hiyo pini.

Tungefundishwa nini? Saa moja ya somo ingetosha kuanza.

Kwanza, kabla ya kuunganisha chochote, uliza sifuri ya kifaa chako iko wapi. Laptop iliyochomekwa ukutani nayo inaweza kuwa imeshikana na ardhi, na waya wa USB unabeba hiyo ardhi hadi kwa kinasa data chako.

Pili, stima ya ukutani usiiguse moja kwa moja. Tumia transfoma ndogo ya kuishusha, ama kihisi kinachozunguka waya kwa nje bila kugusa shaba. Projekti ya mahindi ilihitaji hicho tu.

Tatu, jua mdomo wa mashine unameza kiasi gani. Arduino Uno inataka kati ya 0 na volti 5, basi. Wimbi la stima huenda chini ya sifuri mara 50 kwa sekunde, kwa hivyo hata ukilishusha, lazima uliinue kwanza. Na kwa ishara ndogo za kawaida, weka resista ya kilo-ohm 10 mbele ya pini. Volti 12 zikiingia kwa makosa, mkondo utakaopita hautafika hata miliampia moja. Hiyo resista ni ya shilingi chache, ukiweka kando ya bei ya kilichofungiwa kabatini.

Najua mtasema fundi wa maabara ndiye huulizwa kifaa kikipotea. Kweli, na simlaumu yeye. Nalaumu mpango unaomfanya aogope mwanafunzi kuliko anavyoogopa mwanafunzi asiyejua kitu. Kila siku tunaambiwa elimu ni ya umahiri. Umahiri wa nini, kama sijawahi kushika probu?

Huyo mwanafunzi hatabaki darasani milele. Kesho ataitwa afunge kinasa data kwenye kiwanda, ama kwa mashine iliyounganishwa na mgonjwa. Hapo hakutakuwa na kabati la kufunga.

Fungueni kabati. Anzeni na somo la klipu nyeusi.

Na wewe uliyewahi kulipishwa kitu ambacho hukufundishwa kukitumia, sema. Si wewe peke yako.