Mwimbaji Asitakiwe Siku ya Kampeni Tu

Imekuwa ada, kila msanii anapotia neno katika mambo ya nchi, baadhi ya viongozi humwambia abaki na muziki wake na siasa awaachie wenyewe. Kauli hii yafaa ipimwe. Msanii huyo huyo, ukifika wakati wa kampeni, hutumiwa gari, hupandishwa jukwaani na huombwa aimbe jina la mgombea mpaka sauti imkauke. Katika uchaguzi wa 2015 na wa 2020 majukwaa ya Chama chetu yalijaa waimbaji, wala hatukusikia mtu akisema kwamba wameingilia yasiyowahusu. Basi ikiwa kusifu ni halali, kulalamika kumeharamishwa na nani?

Visiwani humu jambo hili si geni. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alitia sauti yake katika santuri huko Bombay mwaka 1928, na santuri zile zikasikilizwa pwani nzima. Aghalabu twamkumbuka kwa nyimbo za mahaba. Twasahau ya kwamba wimbo wake "Kijiti" ulisimulia kesi ya mauaji ambayo muuaji alikimbilia bara, na adhabu ikawaangukia mashahidi. Serikali ya mkoloni ilikuwa na hakimu, askari na gereza. Wanyonge wa Ng'ambo walikuwa na wimbo. Tena Culture Musical Club, iliyoasisiwa 1958, ilichipuka katika vuguvugu la vijana wa Afro-Shirazi. Sisi wa Chama tungekuwa watu wa mwisho kudai kwamba muziki na siasa havipatani.

Tutazame yaliyotokea bara. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Mara Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Lakini tuulize: ikiwa wimbo ulivunja sheria, agizo la Rais lingeutakasaje? Na ikiwa haukuvunja, askari walimkamata kwa kosa gani? Haki ya raia ilining'inizwa kwenye ladha ya mtu mmoja. Kiasi cha siku kumi baadaye, msanii mwingine, Roma Mkatoliki, alichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio moja ya Dar es Salaam, akaonekana baada ya siku tatu.

Hatusemi kila mwimbaji ana hekima. Wako wanaosema leo kwa bahasha na kesho kwa bahasha nene zaidi (na mashabiki wao wanajua). Hata Sura ya Washairi, tuliyoisoma chuoni tungali watoto, haikuwaweka washairi wote katika kapu moja; iliwatoa walioamini, wakatenda mema, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Afisa mwenye kalamu ya kufungia nyimbo ana wajibu wa kupambanua vivyo hivyo.

Asipopambanua, matokeo yake tumeyaona kwa jirani. Bobi Wine wa Uganda alishinda ubunge mwaka 2017, kisha polisi wakawa wanayazuia matamasha yake. Mwaka 2021 jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura ya urais, akashika nafasi ya pili. Ukumbi ulifungwa, wasikilizaji wakamfuata mkutanoni.

Kwa hiyo tunawataka watendaji wa serikali, Unguja na Pemba, wafanye jambo dogo. Afisa anayeona wimbo umevunja sheria aandike ni kifungu gani na ni maneno yapi, ampe msanii nakala, na amwachie nafasi ya kukata rufaa kabla wimbo haujaondolewa redioni. Na wimbo ukilalamikia maji yasiyotoka, nakala nyingine ipelekwe kwa wahusika wa maji.