Laptop yako haina gundu, wewe ndiye unayeiua!

Wadau wa Kahama, Mwendakulima, Kakola mpaka Geita, leo tunasemana. Atakayenuna na anune.

Kuna jamaa mmoja hapa mjini, jina naliweka kapuni, ila wengi mtamjua. Ndiye anayeshuti harusi za wenye nazo, Insta anajiita mkurugenzi. Majuzi laptop yake ilizima katikati ya kazi na haikuwaka tena. Ndani kulikuwa na harusi tatu. Tatu! Na kadi za kamera alishazifuta ili akashutie nyingine.

Mmoja wa maharusi hao alifiwa na baba yake wiki chache baada ya sherehe. Mzee akicheza na binti yake ukumbini, ndiyo picha ya mwisho ambayo ile familia ingekuwa nayo. Imeenda. Na jamaa alimjibu nini yule dada? "Pole sis, ni bahati mbaya tu, hizi laptop za mtumba zina gundu."

Gundu? Hapana kaka, usitudanganye.

Nilikuwepo fundi alipoifungua. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye matundu ya hewa kama kipande cha blanketi, feni haizunguki. Kumbe mkurugenzi ana kamchezo: ameiset laptop isilale akifunika, ili video iendelee kutoka. Anaifunika inawaka, anaitupia kwenye begi, anaruka kwenye boda. Yaani mashine inapikwa ndani ya begi huku inarushwa kwenye mashimo! Na diski yake ni ile ya zamani, yenye sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika na kichwa cha kusomea kikipita juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Boda ikiruka tuta, kichwa kinakwaruza sahani. Hapo ndipo harusi za watu zilipoishia.

Hiyo siyo bahati mbaya, huo ni uzembe.

Na siyo yeye peke yake. Kuna dada yetu mwingine, wafuasi kibao, kila asubuhi anapost laptop imelala juu ya duveti, kikombe cha chai pembeni, maneno chini: "boss lady at work". Boss lady, matundu ya hewa ya laptop nyingi yako chini! Ukiiweka kwenye godoro umeiziba pua. Ikikosa hewa inapata joto, ikipata joto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, ikizidiwa inazima. Wewe unaandika "laptop imekuwa nzito, nani anauza nyingine?" Haijawa nzito mama, inajiokoa na wewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunafanya haya hapa, Buzwagi. Mgodi ule ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, ukafungwa 2021. Nyumba nyingi huku zina baba, mjomba au kaka aliyepita pale. Muulize aliyeendesha yale malori makubwa kama lilikuwa linasubiriwa mpaka life ndipo litengenezwe. Atakucheka. Dereva kabla ya kuwasha alilizunguka kwanza: matairi, oili, taa, kama kuna kinachovuja. Saa za injini zikitimia, lori linaingia karakana hata kama linatembea fresh. Chujio za hewa zilisafishwa na kubadilishwa, kwa sababu kila mtu alijua vumbi la huku linaua chuma.

Lile vumbi la kiangazi halijahama na mgodi! Liko hapahapa, linaingia dirishani kwako, linaingia kwenye laptop yako. Wazazi walikuwa na malori, sisi mashine yetu ya kuchimbia ni hii: wa kuhariri video, wa stationery, wa kuombea watu ajira, wa chuo mwenye ripoti ya mwisho. Wao walitunza mashine ambayo hata haikuwa yao. Sisi tumejinyima kununua ya kwetu, halafu tunaiua kwa mikono yetu.

Najua mtasema "hela ya service hatuna". Acheni hizo. Brashi ndogo laini na kitambaa kikavu ni bei gani? Kuiweka mezani badala ya kitandani ni bei gani? Kuizima kabla ya kuitia kwenye begi ni shilingi ngapi? Umeme ukikatika, chomoa chaja, subiri urudi na utulie, maana ule wa kurudi kwa kishindo ndio unaochoma. Friji ya mama ina kifaa cha kuilinda na umeme, laptop inayolipa kodi yako unaichomeka ukutani hivihivi! Chaja nayo, soma namba: volti zilingane na za laptop yako, ampea zisipungue. Na betri ikivimba, acha kuitumia, ipeleke kwa fundi, usiibonyeze irudi. Ile inaweza kushika moto.

Halafu kazi ya mteja haikai sehemu moja. Weka laptop, weka na diski ya nje, na kama bando linaruhusu weka na mtandaoni. Kadi ya kamera usiifute mpaka nakala ziwe mbili na umezifungua ukaona zinacheza. Jamaa angefanya hili moja tu, leo yule dada angekuwa anamtazama baba yake.

Nanyi mafundi msicheke huko nyuma, mpo kwenye orodha. Laptop ina joto: "tupige Windows". Inazima yenyewe: "tupige Windows". Feni inalia kama mashine ya kusaga: "tupige Windows". Mnafuta mafaili ya mtu bila hata kumuuliza, mnamwekea Windows ya wizi iliyojaa virusi, vumbi mnaliacha palepale. Baada ya mwezi anarudi, mnampiga hela nyingine. Fundi wa kweli anafungua, anasafisha, anabadilisha ile pasta ya kupitishia joto, ndipo anaongea habari za Windows.

Mkurugenzi, najua unasoma. Sitaki urudishe hela tu. Mwambie yule dada ukweli kwamba ulizembea. Gundu halijawahi kufuta video ya mtu.

Haya, matusi yenu nayasubiri kwenye comment. Ila kabla hujaandika, izime laptop yako, igeuze, uchungulie yale matundu. Utakachokikuta humo, njoo utuambie.