Maharage ya Bibi

Jamani, watoto! Desemba iliyopita tulikwenda Mlangali kwa wakwe zangu. Mama mkwe akampa mwanangu wa miaka minne mbegu sita za maharage, apande nyuma ya jiko. Basi kila asubuhi anazifukua aone kama zimeota! Baba yake akamfokea. Mtoto akanuna, siku mbili hataki hata kuongea naye.

Bibi hakusema kitu. Akachukua glasi, akaweka kitambaa kilicholowa maji, maharage akayabana pembeni yaonekane. Kule ni baridi, siyo kama Dar, hivyo tulisubiri sana. Kwanza haragwe likavimba, ganda likapasuka, mzizi ukashuka. Shina likafuata baadaye.

"Baba, njoo! Kumbe linaanza na miguu!"

Nikamkuta mume wangu amechuchumaa naye dirishani, wanacheka.

Wazazi wenzangu, mtoto anayefukua siyo mtundu, anauliza. Mpe ya kwenye glasi ayachungulie, ya shambani yakue kwa amani. Sisi sasa tuna makopo matatu barazani, na anayekumbusha kumwagilia, eti ni baba mtu!

Haya, tukutane mwezi ujao.