Ukuta wa Jedda na Merikebu Zilizochelewa

Wahenga walituusia kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wiki hii tunaitazama dola kubwa ya Kiislamu iliyoshuhudia wenzake wakinyolewa kwa miaka saba kabla haijatia maji: Misri ya Wamamluki.

Vasco da Gama alitia nanga Calicut, pwani ya Malabar, mwezi wa Mei 1498. Wakati huo Misri haikuwa na vita vya baharini na Ureno. Utajiri wake ulitokana na viungo vya India vilivyopita Bahari ya Sham hadi Jedda, Cairo na Iskanderia, kisha vikauzwa kwa wafanyabiashara wa Venice. Isitoshe, tangu Sultani Qaitbay afariki mwaka 1496, masultani kadhaa walikuwa wakipokonyana kiti. Nyumba yenye ugomvi ndani haina nafasi ya kuchungulia dirishani.

Mwaka 1502, da Gama aliirudia bahari hiyo, akaikamata merikebu ya mahujaji waliokuwa wakirejea kutoka Makka, akaichoma moto pamoja na watu wake, wanaume kwa wanawake. Hapo suala halikuwa tena la pilipili na forodha peke yake. Mtawala wa Misri ndiye aliyejiita mtumishi wa Haramaini, na amani ya njia ya Hija ilikuwa dhamana shingoni mwake.

Sultani Qansuh al-Ghuri, aliyetawala tangu 1501, alianza kwa barua. Mwaka 1504 alimtuma mtawa wa Kikristo kwa Papa wa Roma, akionya kwamba Wareno wasipojizuia, mahali patakatifu pa Wakristo katika nchi yake pangedhurika. Tishio hilo liliwaelekea watu ambao hawakuchoma merikebu yoyote, wala halikumzuia mfalme wa Ureno. Mwaka 1505, msafara wa Francisco de Almeida uliiteka Kilwa, kisha ukaichoma Mombasa. Miji yetu ya pwani ilishambuliwa mmoja mmoja, na Malindi ilikuwa imekwisha kufanya urafiki na Wareno.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, Misri ikaingia vitani. Merikebu ziliondoka Suez chini ya Amiri Husayn al-Kurdi. Lakini Misri ni nchi isiyo na misitu. Mbao za merikebu zilitoka ng'ambo na kubebwa na ngamia kuvuka jangwa hadi Suez. Amiri Husayn hakukimbilia India. Alikaa Jedda, akauzungushia mji ukuta, na ilikuwa mwaka 1507 alipowasili Diu, katika nchi ya Gujarat.

Mwezi wa Machi 1508, huko Chaul, Wamisri na Wagujarati waliwashinda Wareno, na Lourenço, mtoto wa Almeida, akauawa. Baba akaja kulipiza kisasi. Tarehe 3 Februari 1509, mbele ya bandari ya Diu, mizinga ya Wareno iliivunja nguvu ya Misri baharini. Malik Ayyaz, liwali wa Diu, alikuwa mguu mmoja ndani na mwingine nje: aliwatunza vyema mateka wa Kireno waliokamatwa Chaul, na baada ya vita akawarejesha na kufanya amani. Tusiharakishe kumlaumu. Mgeni aliyeshindwa hurudi kwao. Mwenye mji hubaki na mji wake mbele ya mizinga.

Al-Ghuri alijaribu kujenga upya. Mwaka 1510, mashujaa wa Kikristo wa kisiwa cha Rhodes walizivamia merikebu zake zilizokwenda kuchukua mbao. Aliyeanza kutafuta mbao moto ukiwa umeshawaka hana budi kuzipitisha katikati ya maadui.

Je, yote yalipotea? Mwaka 1517, dola ya Wamamluki ikiwa imekwisha kuangukia mikononi mwa Wauthmania, merikebu nyingi za Wareno zilifika mbele ya Jedda, lango la Makka. Zilikuta ukuta wa Amiri Husayn na mizinga ya Selman Reis, zikarudi bila kuuteka mji. Miezi ile iliyotumika kupanga mawe, ambayo mwenye haraka angeiita uvivu, ndiyo iliyolipa.

Kukaa pembeni si dhambi. Dola yenye busara haikimbilii kila vita. Kosa la Misri lilikuwa kudhani kwamba asiyepigana hana haja ya kujiandaa. Tunapowasimulia watoto wetu habari za Diu, tusiishie kwenye merikebu zilizozama. Tuwaambie pia habari za ukuta uliojengwa mapema, kabla adui hajaonekana kwenye upeo wa bahari.