Kasuku anaishi miaka 50, hamu ya mwenye kasuku je?



Juzi nilikuwa safarini kutoka Kibondo, nikapumzika Kasulu kwa mama mmoja aliyekuwa jirani yetu zamani. Uani kwake, nyuma ya jiko karibu na kuni, kuna tundu lenye kasuku wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu. Kifuani hana manyoya kabisa, kabaki ngozi tupu kama kuku aliyenyonyolewa nusu halafu mtu akaghairi. Nikauliza, anaumwa? "Hapana mwanangu, anajinyonyoa mwenyewe. Nani ana muda naye siku hizi?"

Huyu kasuku namfahamu. Nilikuwepo wiki aliyoletwa, miaka kumi na kitu iliyopita. Marehemu mzee alimtoa Kigoma mjini, na Kigoma alikuwa amevushwa ziwa kutoka Kongo. Wiki ile nyumba ilikuwa kama ina harusi. Watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni, huyu anamfundisha "hodi", yule "shikamoo", mwingine kaleta chikichi mfukoni. Wakubwa nao walikuja wakijifanya wamepita kusalimia tu.

Baadaye watoto wakaenda sekondari za bweni. Kasuku naye akakua, na kasuku akishakuwa mtu mzima habadiliki kidogo, anaanza kuuma, anachagua mtu mmoja wa kumpenda na wengine anawafukuza. Kelele alfajiri, maganda ya karanga kwenye zulia. Akahamishiwa barazani, toka barazani akaenda uani. Anachoiga siku hizi ni mlio wa geti. Mama anaacha chungu jikoni anakwenda kufungua, hamna mtu. Ananiambia anacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 40 hadi 60. Mama ameshapita 60.

Sasa mtaniuliza, kasuku wa uani na mambo ya nchi wapi na wapi? Subirini kidogo.

Mei 2016 serikali, kupitia aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii Profesa Jumanne Maghembe, ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Wafanyabiashara wakalia, na kwa haki kabisa, maana wengine walikuwa na vibali na wanyama tayari kwenye mazizi. Juni 2022 TAWA wakatangaza dirisha la miezi sita ili hao waliobaki wauzwe, kelele zikapigwa, na ndani ya siku chache Waziri Pindi Chana akalisimamisha. Hoja iliyorudi mara moja itarudi tena, mi naamini hivyo. Na ikirudi utasikia yale yale: soko lipo, vijana watapata ajira, ndege ni wengi.

Tuanze na hilo la soko. Soko la kasuku limesimama juu ya hamu ya mtu, na hamu ya mtu ndiyo hiyo niliyoiona ikitoka sebuleni kwenda uani.

Tanzania tulishaijaribu biashara hii kwa kishindo. Kuna kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka jicho, wale waliopewa jina la Mjerumani Fischer. Kwao ni Serengeti, Mwanza, Nzega, Singida. Mwaka 1987 ndio walikuwa kasuku wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani! Sio dhahabu, sio kahawa, hapo kwenye kasuku ndipo tulikuwa namba moja. Porini wakapungua mpaka serikali ikafunga biashara yao mwanzoni mwa miaka ya 1990. Marekani nao mwaka 1992 wakatunga sheria ya kubana uingizaji wa ndege wa porini. Ulaya ikafunga kwa muda 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na 2007 ikafunga moja kwa moja.

Ila milango ilipofungwa, wanunuzi hawakuumia. Walishapata mbegu. Leo wafugaji wa Ulaya wanazalisha hao kasuku wa Fischer wenyewe, tena wa rangi ambazo huku hazionekani, bluu na nyeupe. Kwa hiyo tuliuza wazazi mara moja kwa bei ya chini, wenzetu wanauza watoto kila mwaka. Hapo ajira ya kijana wa Nzega iko wapi?

Na wale wafugaji walipochoka? Nendeni Naivasha, Kenya. Kuna makundi ya kasuku wadogo pale ambao asili yao ni ndege wa matunduni, waliotoroka au kuachiwa, wa Fischer wamechanganyikana na wale wenye shingo ya njano, wamezaa chotara. Wamefurahi, lakini hawako kwao, na mashimo ya miti wanayolalia yalikuwa na wenyewe.

Wa kijivu ndio habari nzito zaidi. Marekani alikuwepo mmoja anaitwa Alex, wa mwanasayansi Irene Pepperberg, alijua rangi, maumbo na kuhesabu, akafa 2007 akiwa na miaka 31. Watu wakiona vile wanataka wa kwao anayeongea. Hawafikirii kwamba Alex alikuwa na watu wa kukaa naye mchana kutwa, kila siku, kwa miaka 30. Tangu 1975 zaidi ya kasuku wa kijivu milioni moja wameondolewa Afrika kwa njia halali tu, bado wa magendo. Ghana watafiti walikuta wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndipo mkutano wa CITES wa Johannesburg, 2016, ukazuia biashara ya wa porini, kuanzia Januari 2017.

Huko walikonunuliwa, Uingereza, Uholanzi, Marekani, kuna vituo kabisa vya kupokea kasuku ambao wenyewe wamewachoka, wamehama nyumba, wamezeeka au wamekufa. Watu wenye pesa, wenye madaktari wa ndege, nao wanashindwa. Sembuse sisi wa uani.

Turudi kwetu Buha. Wa kijivu si ndege wa miombo yetu. Tulionao ni wale wadogo wa kahawia wenye njano mabegani, wanaotaga kwenye mashimo ya miti. Na mti wenye shimo si kitu cha kuchezea huku, maana shimo hilo hilo nyuki wanalitaka, na asali ya Kibondo inajulikana. Misitu imeshapigwa na mashamba, mkaa na kuni za kambi tangu miaka ya 1990. Anayetaka makinda hapandi na ngazi. Anakata mti.

Nalijua hilo kwa sababu nimelifanya. Nikiwa darasa la tano, Kibondo, tuliangusha mti kwa ajili ya makinda matatu. Wawili walikufa kabla wiki haijaisha. Wa tatu nilikaa naye likizo nzima, nalala naye karibu na kitanda, nawaringia wenzangu. Shule ikafunguliwa, nikamsahau siku mbili bila maji. Sikulia sana. Nilikuwa nimeshahamia kwenye mpira.

Kwa hiyo hoja ikirudi, mimi nasema wafanyabiashara waliolipa vibali warudishiwe chao, hilo ni deni. Lakini kasuku wa porini wasiwemo kwenye orodha hata kwa dirisha la siku moja.

Halafu kuna hili la waliomo majumbani tayari. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa, na ndiyo maana mama wa Kasulu hathubutu kwenda kuuliza ofisi yoyote. Anaogopa kuanza kuulizwa yeye: kibali kiko wapi, mzee alimtoa wapi. Mi naona watangaze muda maalumu wa kuwaandikisha bila kukamatana, na waseme wazi mtu akishindwa ampeleke wapi. Hata mkoa mmoja tu wa kuanzia. Mpaka hapo ndege wataendelea kufichwa nyuma ya majiko.

Wakati naaga mama aliniomba nimchukue. Nikasema nyumba ninayokaa ni ya kupanga, ambayo ni kweli, lakini si sababu. Tukiwa tunaagana geti likalia, mama akageuka. Nikamshika mkono nikamwambia si mtu, ni yeye.

Nimemuahidi nitaulizia. Wadau mliopo Kasulu, Kibondo, Kigoma mjini, kama kuna anayejua utaratibu, au mwenye nafasi na muda, muda hasa, naomba aseme hapo chini. Anakula karanga, mahindi mabichi, na chikichi zikipatikana.